Sauti ipo, picha hakuna: uchambuzi wa kisa cha runinga iliyofunguliwa mara tatu

Usuli

Runinga ya kisa hiki ni ya inchi 32, kioo cha LCD chenye taa za LED nyuma, pikseli 1366 kwa 768. Ilikuwa imetumika miaka minne hivi, saa sita hadi nane kwa siku. Chapa, modeli na kila kinachoweza kumtambulisha mwenyewe au karakana vimeondolewa. Vipimo vimeachwa jinsi vilivyoandikwa kwenye daftari la kazi, kwa sababu kisa chote kimo ndani ya namba hizo.

Malalamiko yalikuwa mafupi: "Fundi, sauti ipo, picha hakuna." Mwenye runinga aliongeza mambo mawili ambayo hayakuandikwa. La kwanza, miezi miwili mitatu kabla ya kuzimika picha ilikuwa imeanza kuvuta kwenye ubuluu. La pili, yeye mwenyewe alikuwa ameshusha "mwangaza" kwenye menyu hadi 40 ili taa zisichoke mapema. Yote mawili yalikuwa dalili, na yote mawili yalipita sikio moja yakatokea jingine.

Mwanga unatoka wapi

Kioo cha LCD hakina mwanga wake. Kazi yake ni ya pazia: kuzuia au kuachia mwanga unaotoka nyuma. Ni vioo viwili vyembamba vyenye fuwele za kimiminika katikati, na nje ya kila kimoja imebandikwa karatasi ya polaraiza. Kila karatasi hupitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo mmoja tu, na hizo mbili zimebandikwa zikikingamana. Mwanga uliopenya ya nyuma ungeishia kwenye ya mbele kama fuwele zisingeugeuza njiani, na volti inayofika kwenye fuwele ndiyo inayoamua ugeuzwe kiasi gani. Kila pikseli ina vijidirisha vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, na kila kijidirisha kina transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme. Kwa kioo hiki ni transista 3,147,264. Bodi ya tikoni hupokea picha kutoka bodi kuu na kuisambaza mstari kwa mstari, mistari 768, kupitia karatasi laini zenye chipu zilizogandishwa ukingoni mwa kioo. Karatasi hizo zikumbukwe.

Nyuma ya pazia hilo kuna karatasi za kutawanya mwanga, bamba la plastiki jeupe, nafasi ya hewa, kisha sinia la bati lililotandikwa karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga. Juu ya sinia ndipo inapokaa mikanda ya LED, kila LED ikiwa na lenzi yake ya kuutanua mwanga usitoke kama doa. Runinga za OLED hazina tabaka hili kabisa, kila pikseli hujiwakia yenyewe, kwa hiyo mengi ya humu hayazihusu.

LED nyeupe, ukweli wa mambo, ni ya buluu. Kichipu cha ndani hutoa mwanga wa buluu, ule ule uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na juu yake hupakwa unga wa fosfa wa manjano. Buluu na manjano vikichanganyika, jicho linaona weupe. Unga huo ukichomwa na joto kwa muda mrefu huchoka, buluu ikapita bila mwenzake.

Katika runinga hii mikanda ni mitatu, kila mmoja una LED saba, na zote 21 zimeungwa mfululizo kama shanga kwenye uzi mmoja. LED ya namna hii hutaka takriban volti 3 ikiwaka kwa nguvu zote, hivyo mnyororo mzima unahitaji kama volti 65. Bodi ya pawa, ile inayoilisha runinga umeme, inatoa volti 24 tu. Kazi ya kuzipandisha ni ya sehemu inayoitwa draiva ya taa: koili, transista, dayodi ya kasi (hupitisha umeme upande mmoja tu) na kapasita ya mwisho (hutunza umeme kwa muda), zikiongozwa na chipu moja ndogo.

Mtu akishaelewa jinsi draiva hii inavyofikiri, kisa kizima kinamfungukia. Haina volti iliyopangiwa. Imepangiwa mkondo. Inapima mkondo unaorudi kutoka kwenye LED kupitia rezista ndogo, kipande kinachoukinza mkondo, na inapandisha volti mpaka mkondo huo ufike. Mkondo usipofika, inaendelea kupandisha mpaka igonge kikomo chake cha usalama, kisha inajizima. Ikishajizima, volti 24 za bodi ya pawa bado zina njia ya kupita kwenye koili na dayodi, kwa hiyo kwenye soketi ya taa, pale waya wa mikanda unapochomekwa kwenye bodi, mita itasoma karibu 24 zile zile.

Yaliyotokea

*Siku ya kwanza.* Fundi aliyepokea kazi alianza vizuri. Aliwasha runinga, akafungua menyu kwa rimoti, akazima taa za chumba, akasogeza tochi karibu kabisa na kioo, ameiinamisha upande. Maandishi ya menyu yakaonekana kwa mbali, kama mwandiko chini ya maji. Jaribio hili ni la dakika moja na linaondoa nusu ya maswali: menyu ikionekana kwa tochi, basi bodi kuu, tikoni na kioo vinafanya kazi, na tatizo liko kwenye taa au draiva yake. Isipoonekana hata kwa tochi, usiguse taa kwanza.

Kisha alifungua mgongo na kupima soketi ya taa kwenye bodi ya pawa. Runinga ilipowashwa, mita iliruka hadi volti 88, ikakaa chini ya sekunde, ikaanguka hadi 24 na kubaki hapo. Daftarini aliandika: "Volti zinapanda, zinashuka." Hakuandika maana yake.

Alifungua kioo, akapima mkanda mmoja mmoja kwa kipima LED, kile kifaa kinachosukuma mkondo mdogo na kuonyesha volti zilizotumika. LED ya nne kwenye mkanda wa kati ilikuwa imekatika ndani. Karakana haikuwa na mikanda ya akiba na mwenyewe aliitaka runinga siku hiyo hiyo. Uamuzi: kuiruka LED iliyokufa kwa kipande cha waya. Runinga ikawaka, ikiwa na kivuli chepesi katikati ambacho mwenyewe alikikubali.

*Wiki ya tano.* Runinga ilirudi na ugonjwa ule ule, 88 kisha 24. Safari hii ilikuwa LED ya pili ya mkanda wa juu. Fundi aliiruka nayo kwa waya, akahakikisha mikanda inawaka, kisha akaamua kuachana na viraka na kubadilisha yote mitatu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Aliagiza mipya kwa kufuata vitu vitatu: urefu, idadi ya LED, na umbo la soketi. Vyote vililingana, hata matundu ya skrubu.

Kabla ya kuifunga aliipima kwa kipima LED, mmoja baada ya mwingine. Yote iliwaka, nyeupe, safi. Kwenye kidirisha cha kifaa kulikuwa na namba. Alikuwa anaangalia taa.

Alifunga kioo, akawasha. Sauti ipo, picha hakuna. Mita: 88, kisha 24.

*Siku mbili baadaye.* Hoja ya fundi ilikuwa hii: mikanda ni mipya na nimeiona ikiwaka, basi mbovu ni bodi. Tena volti zinapanda na kushuka, maana yake bodi imechoka haishiki. Akaagiza bodi ya pawa nyingine yenye namba ile ile ya ubao, akaifunga. Mita: 88, kisha 24.

*Siku iliyofuata.* Fundi mkuu alipoletewa kazi, aliuliza swali moja: "Hiyo mikanda inataka volti ngapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Akaagiza ile mikanda ya zamani, iliyokuwa bado kwenye sanduku la mabaki na nyaya zake mbili za kurukia, iletwe mezani. Ikaungwa kwenye soketi ya taa ya bodi ya kwanza kabisa, ile iliyokwisha hukumiwa kuwa mbovu. Iliwaka mara moja na kutulia. Mita ilisoma volti 59, ambazo ndizo LED 19 zilizobaki zikigawana 3.1 kila moja.

Ndipo kioo kikafunguliwa tena na kipima LED kikarudishwa kwenye mikanda yote, sasa macho yakiwa kwenye kidirisha. Mkanda mzima wa zamani: 19.6. Mkanda mpya: 39.8.

LED mpya zilikuwa za volti 6. Kwa nje hazitofautiani: kijisanduku kile kile cha manjano chini ya lenzi ile ile. Ndani yake kuna vichipu viwili vilivyofuatana badala ya kimoja. Mikanda mitatu ya namna hiyo inataka volti 120 kwa uchache, na draiva ya runinga hii inajizima kwenye 88.

*Matengenezo ya mwisho.* Iliagizwa mikanda ya LED za volti 3, wati 1 kila moja, na ilipofika ilipimwa kwanza: 19.5, 19.6, 19.6. Iliungwa mezani, menyu ya taa za nyuma ikawekwa 100, kisha zikapimwa volti zinazobaki juu ya rezista za kupimia mkondo. Zilikuwa rezista tatu zilizowekwa sambamba, kila moja imeandikwa 1R5, yaani omu 1.5. Pamoja ni omu 0.5. Mita ilisoma volti 0.20 juu yake. Gawanya 0.20 kwa 0.5, unapata ampia 0.4, au miliampia 400.

LED ya wati 1 ya volti 3 hustahili kama miliampia 330. Hizi zilikuwa zinapewa 400, wati 1.24 kila moja, kutwa nzima. Rezista moja kati ya tatu ilitolewa. Zilizobaki mbili ni omu 0.75, na draiva, ambayo bado inatafuta volti zake 0.20, ikashusha mkondo hadi miliampia 267. Bodi iliyotumika ni ile ya kwanza.

Matokeo

Picha ilirudi, nyeupe ikiwa nyeupe na kivuli kikiwa kimetoweka. Mnyororo wa taa ulishuka kutoka takriban wati 26 hadi 17. Mwenyewe hakulalamikia giza, na si ajabu: jicho halihesabu mwanga kama mita, theluthi ikipungua kwenye chumba cha kawaida ni wachache wanaoigundua. Miezi minane baadaye taa zote zilikuwa zinawaka.

Lakini upande wa kushoto wa kioo ulibaki mstari mmoja mwembamba wa wima, wa kijani, kuanzia juu hadi chini. Haukuwapo siku ya kwanza. Ulionekana baada ya kioo kufungwa kwa mara ya mwisho, na hautoki. Karakana pia ilibaki na bodi ya pawa nzima isiyo na kazi na seti ya mikanda ya volti 6.

Uchambuzi

*Namba ileile, maana tatu*

Usomaji wa 88 kisha 24 ulijitokeza kila mara na kila mara ulikuwa ukweli mtupu. Haukuwahi kusema bodi ni mbovu. Ulisema: nimepandisha hadi mwisho wangu na mkondo haukupita. Sababu za mkondo kutopita ni tatu: LED imekatika mahali fulani, waya au soketi haijashika, au mzigo unataka volti nyingi kuliko kikomo. Siku ya kwanza na wiki ya tano ilikuwa ya kwanza. Baada ya mikanda mipya ilikuwa ya tatu. Fundi aliona dalili imefanana akadhani ugonjwa ni wa bodi, kwa sababu akilini mwake mikanda ilikuwa imeshathibitishwa.

Draiva mbovu husoma tofauti. Kama haipandishi kabisa, mita hukaa 24 tangu mwanzo bila kuruka, na hapo ndipo unapotafuta chipu isiyopata umeme, transista iliyokatika, au ishara ya kuwasha taa isiyofika kutoka bodi kuu. Kama transista imepiga shoti, zile volti 24 zenyewe huanguka na mara nyingi runinga nzima inashindwa kuwaka. Bodi inayoruka hadi 88 na kurudi imetimiza kazi yake yote, pamoja na ile ya kujilinda.

Bodi yenyewe ilikuwa pia imejieleza kwa maandishi. Kapasita ya mwisho ya draiva, ile inayokaa jirani na soketi ya taa, ilikuwa imechapwa 100V. Bodi yenye kapasita ya volti 100 kwenye njia ya kutokea haikutengenezwa kuendesha mikanda ya volti 120. Kusoma ganda la kapasita ni kazi ya sekunde tano na hakuhitaji mita.

Bodi ya pili ilipotoa usomaji ule ule, ushahidi ulikuwa umekamilika: bodi mbili kuugua ugonjwa mmoja kwa volti zile zile ni jambo la kutiliwa shaka. Kilichowapotezea siku nzima ni kwamba waliichukulia bodi ya pili kama jaribio lililoshindwa, ilhali lilikuwa limefaulu: lilithibitisha kwamba tatizo liko upande wa pili wa soketi.

*Kuona taa na kusoma namba*

Kipima LED huwasha karibu mkanda wowote, kwa kuwa hupandisha volti zake hadi mia mbili au tatu kikitafuta mkondo wa miliampia chache. Kwa hiyo mkanda kuwaka kwenye kifaa hicho unathibitisha jambo moja tu: haujakatika. Swali la kama unaifaa bodi hujibiwa na namba iliyo kidirishani. Gawanya namba kwa idadi ya LED. Ukipata 2.7 hadi 2.9, ni LED za volti 3, ukipata 5.5 hadi 5.8, ni za volti 6. Namba huwa chini kidogo ya ile ya kazini kwa sababu mkondo wa kifaa ni mdogo. Mkanda wa saba uliosoma 39.8 unatoa 5.7 kwa LED. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa mikanda ikiwa bado kwenye bahasha yake.

Kuna kipimo cha pili ambacho hakikufanywa, na ni cha bure. Kabla ya kufunga kioo, chomeka kipima LED kwenye ncha ya waya wa taa unaokwenda kwenye bodi, mikanda yote ikiwa imeungwa. Runinga hii ingetakiwa kusoma 59 hivi. Ingesoma 119. Kipimo hicho hicho kinafaa hata siku ya kwanza, kwa sababu waya wa taa hufikika mgongo ukishatoka, bila kugusa kioo: kifaa kikipanda hadi mwisho bila chochote kuwaka, unajua kuna LED au kiungo kilichokatika kabla hujafungua skrubu ya pili.

*Waya juu ya LED iliyokufa*

Kuna imani kwamba ukiiruka LED moja, zilizobaki hupata umeme mwingi na kufa. Kwa draiva ya namna hii si kweli. Mkondo umeshikiliwa palepale. Kinachopungua ni volti, 3 kwa kila LED iliyorukwa. LED ya pili haikuuawa na waya. Iliuawa na kilekile kilichoiua ya kwanza, miaka minne ya miliampia 400, na ilikuwa kwenye foleni tayari. Hata zile 19 zilizowaka mezani zilikuwa zimefifia na kuwa buluu.

Kwa hiyo kiraka chenyewe hakikuwa kosa la kiufundi. Kama suluhisho la wiki mbili huku mikanda ikiagizwa, na mwenyewe akiambiwa hivyo, kinakubalika. Kosa lilikuwa kukifanya mwisho wa kazi, kwa maana kilinunuliwa kwa bei ya kufungua kioo. Na kisifanywe kwenye runinga ambayo minyororo yake imewekwa sambamba badala ya mfululizo. Huko mnyororo wenye LED pungufu huvuta mkondo zaidi ya wenzake, na baadhi ya chipu hulinganisha minyororo na kuzima zikiona tofauti.

*Sababu iliyosababisha yote*

Ubuluu uliotajwa na mwenyewe ulikuwa joto likizungumza. Fosfa iliyochoka kwenye LED nyingi kwa pamoja huashiria mkondo mkubwa au mkanda usiotoa joto vizuri, na yote mawili hupimika siku hiyo hiyo. Mkondo haukupimwa mpaka kazi ya tatu. Laiti mikanda ya kwanza mipya ingekuwa ya volti sahihi, ingefungwa kwenye miliampia 400 zile zile na kurudi kwenye benchi ikiwa buluu.

Angalizo kuhusu kipimo hicho. Usipime omu za rezista hizi kwa mita ikiwa bodini na kuamini jibu: nyaya za mita pekee zinaweza kuwa na omu 0.2 au 0.3, kosa kubwa kwenye kitu cha omu 0.5. Soma maandishi juu ya rezista, kisha pima volti runinga ikiwa inawaka. Taa za nyuma lazima ziwe 100 kwenye menyu, kwani draiva hupunguza mwanga kwa kukata mkondo mara nyingi kwa sekunde, na mita ya kawaida itakupa wastani unaodanganya. Volti 0.20 ni ya chipu ya runinga hii. Nyingine hutumia 0.3, nyingine 0.5. Pima, usikariri.

Kuhusu "mwangaza" ulioshushwa hadi 40: kwenye runinga hii, kama kwenye nyingi, chaguo hilo linagusa picha tu. Linasogeza weusi wa picha uwe mzito au wa kijivu. LED ziliendelea kuwaka kwa nguvu zote nyuma ya pazia lililofungwa zaidi. Chaguo linalogusa taa ni lile la taa za nyuma, na lilikutwa 100, jinsi lilivyotoka kiwandani kwenye hali ya picha kali inayokusudiwa kuvutia wanunuzi. Lilirudishwa kwa mwenyewe likiwa 70.

*Mstari wa kijani*

Zile karatasi laini za ukingoni zimegandishwa kwenye kioo kwa gundi yenye chembe za kupitisha umeme, nyuzi mamia kwa mamia kila karatasi, kila uzi ukilisha safu moja ya vijidirisha. Uzi mmoja ukiachia, safu moja inakosa amri yake, na unapata mstari wa wima wa rangi moja, wenye unene wa nywele. Kuugandisha upya kunahitaji mashine ya kubana kwa joto chini ya darubini, ambayo karakana nyingi hazina. Lehemu haifai hapo kabisa.

Ni ufunguzi upi uliouachisha, haijulikani. Kinachojulikana ni utaratibu uliofuatwa mara mbili za mwanzo: fundi mmoja, akikinyanyua kioo kwa mikono yake miwili kutoka upande wa chini, huku ubao mrefu unaoshika karatasi hizo ukiwa bado umenasa kwenye fremu ya juu. Kioo kinapinda katikati, karatasi zinavutwa. Mara ya tatu kazi ilifanywa inavyotakiwa: skrubu za ubao huo kutolewa kwanza na ubao kuachiwa huru, vikombe viwili vya kunyonya kubandikwa mbele ya kioo, watu wawili kukinyanyua kwa usawa, na kukilaza juu ya godoro bapa la sponji huku karatasi zikining'inia bila uzito. Kabla ya yote hayo, kapasita kubwa ya bodi ya pawa, ambayo hubaki na zaidi ya volti 300 baada ya plagi kuchomolewa, ilitolewa umeme kwa rezista ya kilo-omu 2 yenye wati 10, kisha ikahakikishwa kwa mita. Bisibisi haikutumika, kwa sababu cheche yake inaweza kuondoka na dayodi za jirani.

Kuangalia kioo kabla ya kukifunga ni hatua iliyorukwa mara zote tatu. Inatosha kuunganisha tikoni, kuwasha runinga kikiwa bado mezani na taa zikiwaka chini yake, na kupitisha rangi moja moja kioo kizima: nyekundu, kijani, buluu, nyeupe, nyeusi. Mstari unaonekana pale pale. Ingefanywa hivyo kila kioo kinapofunguliwa na kila kinapofungwa, daftari lingeonyesha ni mara ya ngapi ulizaliwa, na mwenye runinga asingeuona kwa mara ya kwanza akiwa nyumbani.